Mkwe Aliyegeuza Wiki Zangu Kuwa Pointi

Sehemu ya Saba

Kama umelichukua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, kaa hapa kando yangu nikueleze kwa ufupi. Wenzako washanijua, na wengine washaanza kunihukumu.

Mimi ni Akwii wa Malaba, mjane wa Elungat. Marehemu alikuwa wakala wa forodha hapa mpakani. Kuna mwaka alinunua, kwa mtu aliyekuwa akihama nchi, wiki mbili za Desemba katika hoteli moja ya pwani ya kusini iitwayo Matumbawe. Hununui nyumba, unanunua wiki. Kila mwaka wiki zako zikifika, nyumba ile ni yako. Zikiisha, unampisha mwenye wiki zinazofuata. Na kwa kuwa zetu zilishatumiwa na mwingine kabla yetu, tuliziita wiki za mitumba.

Elungat akafa, wiki zikabaki. Ndicho kitu pekee alichoniachia ambacho ndugu zake hawakujua namna ya kukibeba.

Ndipo akaja Okedi, mume wa binti yangu Among. Okedi ndiye aliyekuwa muuzaji wa Matumbawe upande huu wa Busia. Akasema kampuni sasa inaingia kwenye pointi. Wiki ina tarehe yake na haisogei, lakini ukiigeuza iwe pointi, unakwenda siku unayotaka, kwa nyumba kubwa au ndogo, hata kwenye hoteli zao nyingine. Nikamwambia sawa.

Nilimwambia kupitia ukuta.

Kwetu Wateso, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hatushikani mikono, hatuli meza moja, hatulali chini ya paa moja. Vijana wa Nairobi siku hizi wanakumbatiana na wakwe zao kwenye harusi, na mimi huwa nageuka nisione. Kwa hiyo Okedi alisimama nje nyuma ya jikoni, mimi nikiwa ndani, na Among akawa anapitisha karatasi mlangoni. Mtu mwingine angemkalisha mezani, amuulize hili na lile, amtazame usoni aone kama anadanganya. Mimi nilisaini juu ya mfuniko wa sufuria, tena haraka, mkwe asizidi kusimama juani.

Ile karatasi niliyoambiwa ni ya kugeuza wiki ilikuwa ya kuzitoa zawadi kwa Okedi. Niligundua nilipopiga simu pwani kuuliza habari za Desemba. Msichana wa huko akanijibu kwa upole, "Mama, hapa jina yako haiko."

Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi nilivyopeleka kesi kwa wazee wa ukoo huko Chakol. Walikaa, wakavuta pombe yao kwa mirija, wakanisikiliza vizuri. Kisha wakasema hawawezi kuisikiza kesi hiyo, maana mama mkwe na mkwe hawakai baraza moja. Mila ileile iliyonifumba macho nikisaini ndiyo iliyomkinga yeye nikilia.

Nikarudi Malaba nikiwa na neno moja tu kifuani: atanijua.

* * *

Kwa siku tatu nilizunguka nyumbani nikiongea peke yangu. Siku ya nne nilikuwa nachambua mtama, na wazo likanijia nikaucheka huo mtama. Kama mila inanikataza mimi kukaa na Okedi, basi inamkataza pia Okedi kukaa na mimi. Na yeye kazi yake ni kusimama mbele ya watu.

Jumamosi hiyo nilivaa kitenge changu cha kanisani na kilemba cha kukaza. Nikachukua bodaboda mpaka Busia, kwenye hoteli ambako Matumbawe walikuwa wameita watu kwa chakula cha mchana na maneno ya pointi. Ukumbi ulijaa walimu, mawakala wa mpakani, na kina mama wa samaki waliotoka ziwani. Kijana wa mlangoni akaniuliza kama nimealikwa. Nikamwambia mimi ni mwenye wiki.

Nikaenda kukaa safu ya kwanza kabisa, kiti cha katikati.

Okedi alikuwa mbele, na suti yake ya buluu, picha ya bwawa la kuogelea imewaka ukutani nyuma yake. Yule kijana ana mdomo, siwezi kumnyima hilo. Alikuwa akiwaambia watu kwamba wiki ni kama nguo iliyokwisha kushonwa, ukinenepa imekushinda, lakini pointi ni kitambaa, unakata unavyotaka. Watu walikuwa wakitikisa vichwa. Mama mmoja wa samaki alikuwa ameshatoa kitambulisho.

Kisha macho yake yakashuka safu ya kwanza.

Kalamu ilimponyoka. Aligeukia ukuta kana kwamba bwawa lile limemwita, akamalizia sentensi yake huku ametupa mgongo, halafu akashika njia ya jikoni na hakurudi. Tulisikia masufuria yakigongana huko alikopita.

 Mzee mmoja nyuma yangu, Mteso mwenzangu, akauliza jirani yake kuna nini. Jirani akamwambia, "Si huyo ni mama mkwe wake."

Ukumbi ulicheka kwa dakika nzima. Wateso walicheka, Waluhya walicheka, Wajaluo walicheka, maana hakuna hata mmoja pale ambaye kwao mama mkwe ni mtu wa kuzoea. Yule mama wa samaki akarudisha kitambulisho kwenye mkoba. Hakuna aliyesaini chochote, ila kuku waliliwa wote, na mimi nilikula mapaja mawili.

Nawaungamia hapa, kwa kuwa nilianza hadithi hii kwa kuapa sitaficha: nilisikia raha. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu Elungat alipokuwa hai.

Jumamosi iliyofuata alikuwa Matayos, katika ukumbi wa kanisa. Nikafika kabla yake. Alipochungulia dirishani na kuniona, hakuingia hata kidogo. Wageni walingoja mpaka wakachoka. Jumamosi ya tatu akajificha Khunyangu, huko Butula, akidhani ni mbali kwangu. Huko nilimkuta ameshaanza. Alinyoosha mkono kuonyesha picha na mkono ukabaki hewani. Safari hiyo alitoka kwa kuruka dirisha, maana mlango nilikuwa nimeukalia mimi.

Watu wakaanza kuniita Mama Pointi, na sikukasirika.

* * *

Jumatatu nikapigiwa simu na mwanamke aliyejitambulisha kama Phelister Onyuka, mkubwa wa Okedi, kutoka Kisumu. Akaniomba nifike ofisini kwao Busia tunywe chai. Nilikwenda nikiwa tayari kwa vita, na ile heshima yake ikanichanganya. Alinivutia kiti mwenyewe, akanimiminia chai mwenyewe, kisha akaniuliza polepole ninataka nini.

Nikamwambia nataka wiki zangu.

Phelister akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba wiki ikishageuzwa pointi hairudi tena kuwa wiki. Tena wiki za mitumba kama zangu hazigeuzwi hivihivi. Lazima mwenye nazo anunue kwanza pointi mpya kutoka kwa kampuni yenyewe, ndipo zile za mitumba zinaruhusiwa kuingia nyuma yake. Okedi alinunua hizo pointi mpya kidogo tu, akafungua akaunti, kisha akaziingiza wiki zangu kama zawadi aliyopewa na mama mkwe.

"Kwa hiyo zote ziko kwa jina ya Okedi," nikasema.

Phelister alikunywa chai kwanza. Kisha akanigeuzia kompyuta. "Si ya Okedi peke yake, mama. Akaunti iko na watu wawili."

Jina la pili lilikuwa Among. Mtoto niliyemzaa.

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi za ile ofisi. Nakumbuka tu kwamba Phelister alikuwa ameniambia bado kuna njia. Mimi na Okedi tukikubali kuketi meza moja, mbele yake, tukasaini wote wawili, pointi zinaweza kuhama. Sheria ya kampuni haijui habari za wakwe. Kwa upande wa akaunti saini ya mwenye nayo mmoja inatosha, lakini inataka watu wawili, meza moja, siku moja. Akanipa Ijumaa, saa tisa.

* * *

Among alikuja Malaba Jumatano, mchana kweupe, akiwa amemfunga mtoto wa mwisho mgongoni. Nilimwonyesha kiti. Hakukaa.

Aliniambia mumewe amepewa onyo la mwisho kazini. Aliniambia watoto wanachekwa shuleni kwa sababu ya baba aliyeruka dirisha. Nilimwacha aseme yote. Kisha nikamuuliza kama alijua ile karatasi ni ya zawadi wakati alipoipitisha mlangoni.

"Nilijua," akasema. "Ni mimi nilimwambia afanye hivyo."

Nilidhani ameolewa na mwizi. Kumbe mwizi nilimnyonyesha mwenyewe. Nikamwambia hivyo, kwa maneno hayohayo, na yeye hakulia kama nilivyotaraji.

"Mama, Desemba mara kumi na moja," akasema. "Kila mwaka unabeba watoto wa Emorut na wa Okwi unapeleka pwani. Wangu wanabaki kwa nyumba wanaangalia picha kwa simu. Wamewahi kuniuliza kama shosho yao mzaa mama ni mwingine."

Nikamjibu kilicho wazi. Kaka zake ni wanangu, nalala nao nyumba moja bila shida. Lakini nyumba ya Matumbawe ni moja, paa ni moja. Baba ya watoto wake angelala wapi? Juu ya mti?

"Si ndio hiyo nakuambia," akasema. "Wiki ni nyumba moja. Lakini na pointi unaweza chukua mbili ndogo. Wewe huku, sisi kule, na mti katikati. Watoto wanazunguka kote. Nishaweka nafasi ya zote mbili, ya Desemba hii. Yako iko na jina yako."

"Na mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungesema wiki ni ya baba, haiguswi."

Ningesema hivyo. Tena ningesema kwa sauti kubwa zaidi. Yule mtoto ananijua kama mfuko wake, na kule kunijua ndiko kulikoniuma kuliko wizi wenyewe. Kama angenidanganya wakati ule, pengine ningemhurumia. Aliniambia ukweli nikiwa nimeshajipanga kukasirika, na sikuwa na mahali pa kuuweka.

Nikamwambia tutaonana akishajifunza kuomba. Akatoka na mtoto wake mgongoni. Mtoto aligeuka akanipungia mkono, nami nikajifanya nachambua mtama.

* * *

Ijumaa saa tisa nilikuwa ofisini. Okedi alifika dakika tano baadaye. Aliingia kinyumenyume, nawaambia ukweli, kama mtu anayeegesha trela. Akavuta kiti, akakigeuza, akakaa akiangalia dirisha, mgongo wake kwangu. Meza ilikuwa moja, sheria ya Phelister ilikuwa imetimia, na mila ilikuwa imeheshimiwa kwa kadiri mwanadamu anavyoweza. Mtu mwenye moyo mwepesi angemhurumia. Mimi nilikuwa nikiangalia jasho lililolowesha ukosi wa shati lake, nikaona ni zuri.

Phelister akaweka karatasi mbili mezani.

Ya kwanza, alisema, ni ya makubaliano. Akaunti inabaki moja, jina langu linaingizwa la tatu, kila mmoja anatumia pointi kwa wakati wake. Hakuna anayemshtaki mwenzake. Okedi anabaki na kazi.

Ya pili ni ya malalamiko. Nikiisaini, nakuwa nimesema kwamba Okedi alinidanganya akiwa kazini. Yeye anasaini kukiri. Pointi zote zinarudi kwangu peke yangu saa hiyohiyo, na yeye anaondoka saa hiyohiyo. Tena jina lake linawekwa kwenye orodha ambayo hoteli zote za namna hiyo huisoma kabla ya kuajiri mtu.

"Mama, mimi ningekushauri ile ya kwanza," Phelister akasema. "Na kabla hujachagua, ona hii."

Akaigeuza kompyuta. Nafasi za Desemba zilikuwa pale, mbili, kama Among alivyosema. Nyumba moja: Okedi na Among, watoto wanne. Nyumba ya pili, jirani yake: Mama Akwii, mtu mmoja. Chini kulikuwa na maombi maalumu ya mgeni. Nyumba ya mama iwe ya chini, magoti yake hayapendi ngazi.

Najua wasomaji wengine watasema nilichofanya baada ya hapo nilikifanya kwa kutojua. Nashukuru kwa wema wenu, lakini si kweli. Nilisoma kila neno, mpaka lile la magoti.

Okedi aliongea bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa ileile iliyokuwa ikija kupitia ukuta wa jikoni miaka hii yote. "Mama, nilikosa. Nilifaa kuja na wazee wasome ile karatasi. Niliogopa utakataa. Nisamehe, na mbuzi nitaleta."

Na hapo ndipo ningepaswa kukoma. Alikuwa ameomba. Kila kitu nilichokuwa nikikitafuta tangu sehemu ya kwanza ya hadithi hii kilikuwa mezani: pointi, msamaha, hata mbuzi.

Lakini nilikuwa nimeshaonja Busia, Matayos na Khunyangu. Nilikuwa nimeona jinsi mwanamume mzima anavyokimbia nikiketi tu. Miaka mingi nimekuwa mjane wa kupishwa njiani na kusahauliwa, na kwa Jumamosi tatu nilikuwa mtu wa kuogopwa. Nikiisaini ya kwanza, ningerudi kuwa shosho wa nyumba ya chini.

Nikaivuta ya pili. Nikasaini.

 Phelister aliisukuma karatasi upande wa pili, na Okedi akaisaini akiwa amepinda mkono nyuma ya bega, bila kuangalia ni ipi. Alijua tu aliposikia Phelister akimwambia aache beji yake mezani. Wakati huohuo simu yangu ikatoa mlio, ujumbe wa Matumbawe ukinikaribisha kwenye pointi zangu. Ndani yake walinijulisha kwamba nafasi zote mbili zilizowekwa na mwenye akaunti wa zamani zimefutwa.

Okedi akaitoa beji. Akaiweka taratibu. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona kwetu tangu nizaliwe.

Alikigeuza kiti.

Akanitazama usoni. Si kwa kuibia, si kwa bahati mbaya. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtu yeyote sokoni. Kwa mara ya kwanza nikajua mkwe wangu ana kovu dogo juu ya jicho. Nilingoja aone aibu ashushe macho. Hakushusha. Mwishowe niliyashusha mimi.

"Akwii," akasema.

Jina langu hivyohivyo, kavu, mbele ya mtu wa kando. Mkwe hataji jina la mama mkwe wake mpaka anazikwa. Anayelitaja ameshaacha kuwa mkwe.

"Njoo umchukue msichana wako. Na watoto, wote wanne. Leo."

Phelister ni Mjaluo, hakuhitaji kutafsiriwa mila. Alifunika mdomo kwa kiganja.

Nilifungua kinywa nimjibu, na simu ikaanza kulia mkononi mwangu. Niliipokea kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuacha kutazamwa. Alikuwa Among. Nyuma yake nilisikia watoto wakicheka na maji yakimwagika.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa laini kuliko Jumatano, "mmesikizana?"